Kolwezi hadi Dar es Salaam na tani 30 za shaba

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kolwezi, kusini mwa Kongo

Mabamba yanapakiwa tangu alfajiri. Kila moja lina kama mita moja kila upande, na pale ambapo vumbi halijaligusa linang'aa wekundu wa kupendeza. Yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mafungu mafungu ya zaidi ya tani mbili, na foko lifti inayalaza moja moja kwenye tela. Likishapakiwa, lori linaonekana kama tupu. Shaba ni nzito, tani 30 hazifiki hata nusu ya kimo cha ubavu wa tela, na uzito unaoruhusiwa unakuwa umekwisha. Turubai linavutwa, sili zinabanwa, namba zake zinaandikwa kwenye karatasi nne tofauti.

Dereva ni Mhehe wa Iringa, mtu mzima mwenye miaka mingi kwenye njia hii. Namwita kaka, naye ananiita mwandishi. Utingo wake ni kijana wa Mbozi asiyechoka kukagua kamba. Nilichowaomba wao na mwajiri wao ni kiti tu: nataka kuona kwa macho yangu njia ya madini ambayo Washington, Brussels na Beijing wanaizungumzia kila wiki.

Bei ya shaba kwenye soko la London iko chini kidogo ya dola 10,000 kwa tani. Kwa hesabu hiyo tunaondoka na mali inayokaribia dola 300,000.

Kobalti, madini ya betri, hatuna. Hakuna lori lolote hapa lenye kobalti. Mwezi Februari bei yake ilikuwa imeporomoka hadi kama dola 10 kwa ratili, wakati mwaka 2022 ilifika karibu 40, na tarehe 22 ya mwezi huo serikali ya Kongo ikazuia isitoke nchini kwa miezi minne. Juni ikaongeza mitatu. Nchi hii inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa hiyo ilipofunga mlango soko lilisikia: tani iliyokuwa dola 21,000 hivi sasa imepita 30,000. Lakini kobalti huku hutoka pamoja na shaba, katika mwamba uleule. Migodi haiwezi kusimama kwa sababu ya kobalti huku shaba ikiwa na bei nzuri. Inaendelea kuchimba, inauza shaba, na kobalti inalundikwa maghalani kwenye viroba vya tani moja moja.

Jioni nimetembea hadi karibu na Kasulo, mtaa ambao kuanzia mwaka 2014 watu walichimba ndani ya nyua zao na hata chini ya sakafu za nyumba walipogundua kilichopo. Mama mmoja anayeuza maji kwa wachimbaji wadogo ameniambia biashara imelala. "Bei iko chini, papa, na banunuzi beko bachache." Bei ya dunia imepanda, ya huku imeshuka. Mnunuzi wa mtaani asiyeweza kusafirisha hana sababu ya kununua, au ananunua kwa bei ya kutupa na kuweka. Zuio lililomsaidia mwenye ghala limemwacha mwenye sururu mikono mitupu, na katika ripoti zote nilizosoma kuhusu mafanikio ya zuio hili mtu huyu hayumo.

Jumanne. Fungurume, Likasi, Lubumbashi

Kilomita 300 hivi hadi Lubumbashi, zenye vituo vya kulipia barabara na malori yasiyohesabika. Yanayopanda yamebeba salfa, chokaa, dizeli na mashine. Salfa huchomwa ikawa tindikali, tindikali inayeyusha shaba kutoka kwenye mwamba, kisha umeme unaikamata shaba hiyo na kuigandisha kuwa bamba safi kwa asilimia 99.99. Watu wengi kwetu wanadhani Kongo inauza mawe. Shaba nyingi inaondoka hapa ikiwa imesafishwa kabisa. Kobalti ndiyo inayotoka nusu nusu: unga wenye kobalti kiasi cha theluthi moja, ambao unasafirishwa hadi China, inakosafishwa zaidi ya robo tatu ya kobalti ya dunia.

Tumepita Fungurume, mgodi ambao Wamarekani wa Freeport-McMoRan waliuuza kwa kampuni ya China ya CMOC mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Miaka minne baadaye wakauza na eneo la Kisanfu, jirani tu, kwa dola milioni 550. Hakuna aliyewafukuza. Waliuza wenyewe, bei ya shaba ilipokuwa mbaya na madeni yamewabana, kwa mnunuzi ambaye serikali yake ilikuwa inatazama miaka thelathini mbele. Leo Marekani inatafuta njia ya kurudi. Tarehe 27 Juni mwaka huu Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani huko Washington, na madini yalikuwa sehemu ya mazungumzo waziwazi.

Kabla ya Likasi dereva ameninyooshea kidole upande wa kaskazini: huko ndiko Bunkeya. Nilijua jina, sikujua kwamba ni karibu hivi. Msiri, mtu wa Usumbwa huko Unyamwezi, alikuja huku na misafara ya biashara karne ya 19, akakaa, akatawala Garenganze, akauza shaba na pembe hadi pwani zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold na kukusanya wapagazi wake Unguja, ulimuua. Njia ya mashariki na njia ya magharibi zinazogombewa leo, yule mzee alizitumia zote mbili kwa wakati mmoja, na mizani alishika yeye.

Tumelala Lubumbashi. Bukari, yaani ugali wa huku, na samaki.

Jumatano hadi Ijumaa. Kasumbalesa

Foleni. Malori yamejipanga kilomita kwa kilomita, moja nyuma ya jingine, injini zimezimwa. Madereva wanapika kando ya magurudumu, wananyoana nywele, wanasimuliana habari za wizi. Mzigo wa kopa (ndivyo wanavyouita wote) hauachwi peke yake hata dakika moja. Utingo analala chini ya tela. Kaka analipwa mileji, yaani fedha ya safari, na kila siku anayokaa hapa inakula mileji hiyo. Chakula, maji ya kuoga, choo cha kulipia, mlinzi. Hapa dola, faranga na kwacha zinatumika pamoja, na kila moja ina bei yake asubuhi na nyingine jioni.

Agosti mwaka jana, wenyeji wananikumbusha, mpaka huu ulifungwa kabisa na Zambia kwa siku kadhaa. Kongo ilikuwa imezuia bia na soda za Zambia zisiingie, wafanyabiashara wa usafirishaji wakaandamana, Zambia ikafunga. Soda na bia zilisimamisha shaba na kobalti inayongojwa na dunia nzima. Watunga sera wanaochora ramani za "usalama wa upatikanaji wa madini" wangekaa hapa siku mbili wangejua usalama huo umeshikwa na kitu gani.

Kwa kuwa hakuna la kufanya ila kungoja, nimesoma. Habari ninayoisoma kwa mara ya tatu ni ya ushuru wa Marekani. Tarehe 30 Julai Rais Trump alitia saini amri ya ushuru wa asilimia 50 kwa shaba, unaoanza 1 Agosti, siku tatu kabla hatujapakia. Soko lilitarajia ushuru huo uguse mabamba. Haukuyagusa. Madini ghafi, makinikia, mabamba na chakavu vyote vimeachwa nje. Kilichotozwa asilimia 50 ni waya, mabomba, fimbo, nyaya na vifaa vya umeme vyenye shaba nyingi. Bei ya New York, iliyokuwa imepandishwa na wasiwasi, ilianguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja.

Nimemsomea dereva, nikimfafanulia. Amefikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo haya yangu yanapita bure?" Ndiyo kaka, yanapita bure. "Na tungekuwa tumebeba waya?" Nusu ya thamani ya shaba iliyomo, juu yake.

Hapo ndipo safari yangu ilipopata maana. Marekani haina haja ya kutuambia tusitengeneze waya. Imepanga bei ya mlangoni, basi. Na si yenyewe tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya malighafi muhimu, iliyoanza kutumika Mei 2024, inataka ifikapo 2030 asilimia 40 ya usafishaji wa madini wanayohitaji ufanyike ndani ya Ulaya, na nchi moja ya nje isiwape zaidi ya asilimia 65 ya madini yoyote ya kimkakati. China ilikwisha fanya hivyo zamani bila kutangaza. Wote watatu wanagombana kwa sauti kubwa juu ya nani asafirishe na kwa njia ipi, lakini kwenye jambo moja wameelewana: kazi ya kiwandani ifanyike kwao.

Ijumaa usiku wa manane karatasi zetu zimepita.

Jumamosi. Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi

Zambia ina barabara pana zaidi na baridi ya asubuhi. Kitwe tumevuka mto Kafue. Februari bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka karibu na Chambishi, maji ya tindikali yakaingia mtoni, samaki wakafa, na Kitwe ikakatiwa maji ya bomba. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya London.

Baada ya Ndola kuna njia ya kwenda Luanshya. Ningependa sana kuingia, lakini lori la kopa halichepuki. Kifaa cha kufuatilia kingepiga kelele ofisini. Huko kuna ZAMEFA, kiwanda cha nyaya kilichojengwa miaka ya 1960, nchi ikiwa changa. Kinachukua bamba, kinalivuta kuwa waya, kinauza. Hakuna muujiza ndani yake: shaba ipo, umeme unahitajika, na wateja wapo Afrika nzima, ambako mamia ya mamilioni ya watu bado hawana hata taa. Serikali ya Zambia imeweka lengo la kufikisha tani milioni 3 za shaba kwa mwaka ndani ya muongo mmoja. Nimetafuta kwenye hotuba hizohizo lengo la tani za waya. Tani za mabamba ndizo zinazopigiwa makofi.

Jioni Kapiri Mposhi, mwisho wa TAZARA. Nimesimama pale stesheni nikitazama reli inayokwenda nyumbani, kilomita 1,860. Ilijengwa kwa sababu ya shaba hii. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake inategemea reli inayopita kwa adui. Nyerere na Kaunda waliomba fedha Magharibi na Benki ya Dunia. Waliambiwa reli hiyo haina faida. China ya Mao, iliyokuwa maskini wakati huo, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa 1976, na zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha. Wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Wale waliosema haina faida walihesabu tiketi na tani. Nyerere na Kaunda walikuwa wakihesabu uhuru.

Leo reli hiyo, iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, inabeba sehemu ndogo tu ya hizo, na ndiyo maana sisi tuko barabarani. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilikubaliana huko Beijing kuifufua. Dola bilioni 1.4 zinatajwa, na kampuni ya China ya CCECC kuiendesha kwa miaka 30. Upande wa pili kuna reli ya Lobito: kilomita 1,300 kutoka bahari ya Atlantiki hadi mpaka wa Angola na Kongo, dola milioni 553 za mkopo wa serikali ya Marekani, na Rais Biden aliyekwenda mwenyewe Desemba 2024. Mabwana wawili wanashindana kututengenezea reli. Ni nafasi ambayo kizazi cha Nyerere hakikuwa nayo, kwa sababu wakati ule alijitokeza mmoja tu. Na mpaka leo sijasikia Kinshasa, Lusaka na Dodoma zikikaa meza moja kusema: atakayejenga reli ajenge na kiwanda kando yake, la sivyo hakuna mkataba.

Jumapili na Jumatatu. Serenje, Mpika, Chinsali, Nakonde

Karibu kilomita 800 za miombo, mashimo na malori. Usiku hatuendeshi, wezi wa kopa wanajua kona zote. Chinsali nimemkumbuka Kaunda, aliyezaliwa Lubwa hapo jirani. Mengine ni vumbi.

Jumanne, 12 Agosti. Tunduma

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, na ni kweli kimepunguza adha, ingawa foleni bado ipo. Kijana wa wakala wa forodha amenikalisha ofisini kwake akanieleza kichwa kinachomuuma kila siku. Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, imo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini. Zambia imo SADC na COMESA. Tanzania imo Afrika Mashariki na SADC, COMESA ilijitoa mwaka 2000. Mzigo mmoja, barabara moja, vitabu vitatu vya ushuru, na juu yake eneo huru la biashara la Afrika lililoanza Januari 2021. "Kwa shaba ya kwenda China hakuna tabu," amesema. "Inapita tu, haitozwi. Tabu ni mtu akitaka kuuza kitu kilichotengenezwa hapa kwetu kwa jirani. Hapo ndipo karatasi zinapoanza."

Mchana, mbele ya wali maharage, mjadala wa madereva umefika kwenye makinikia, kama unavyofika kila mahali Watanzania watatu wakikaa na neno madini likatajwa. Machi 2017 Magufuli alizuia makontena ya mchanga wa dhahabu na shaba bandarini. Wengine mezani wanasema alituumiza, wawekezaji walikimbia. Wengine wanasema bila yeye tusingekuwa na hisa za asilimia 16 kwenye migodi. Mimi naona vyote viwili vilitokea. Zuio lilibadili mkataba. Zuio halikujenga kinu cha kuyeyushia, na kinu ndicho kilichokuwa hoja yenyewe.

Indonesia ilizuia madini ghafi ya nikeli mwaka 2020, ikashitakiwa na Umoja wa Ulaya kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikashindwa mwaka 2022, ikakata rufaa kwenye baraza la rufaa ambalo halina majaji wa kutosha kusikiliza kesi tangu Desemba 2019. Kesi imelala hapo, viwanda vinaendelea kujengwa. Lakini Indonesia ilikuwa na umeme wa makaa, bandari karibu na migodi, na Wachina waliokubali kuhamishia vinu vyao kule. Kobalti inayotoka kwenye nikeli hiyo sasa imeifanya Indonesia kuwa ya pili duniani. Kila mwezi Kongo inaofunga mlango, Indonesia inapata mteja. Na magari mengi ya umeme ya China tayari yanatumia betri zisizo na kobalti kabisa. Nguvu ya Kongo ipo, ila ina muda wake.

Jumatano na Alhamisi. Mbeya, Makambako, Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro

Dereva amebadilika. Anapiga honi kwa watu anaowajua, ananunua viazi Makambako, anasimama Iringa robo saa kumpa mtoto wake fedha ya shule dirishani. Mlima Kitonga tumeushuka kwa gia ndogo, breki zikinuka, tani zote zikisukuma kutoka nyuma. Hakuna aliyezungumza hadi chini. Ruaha Mbuyuni kitunguu kimejaa barabarani. Mikumi mwendo wa polepole kwa ajili ya wanyama, maana faini ya mnyama dereva anailipa mwenyewe. Mikese tumepima, tuko ndani ya tani 56 za Afrika Mashariki.

Ijumaa, 15 Agosti. Dar es Salaam

Vigwaza tumepima tena. Upande wa Kwala kuna bandari kavu iliyozinduliwa na Rais Samia tarehe 31 Julai, ili malori kama letu yasilazimike kuingia jijini. Letu bado limeelekezwa mjini, kwenye ghala moja barabara ya Nyerere, tukaingia saa nne usiku.

Asubuhi yake mabamba yameshushwa, yakahesabiwa, yakaingizwa kwenye makontena. Nikamuuliza karani: kiwanda cha nyaya cha hapa Dar kikitaka kununua fungu moja tu, inawezekana? Amenitazama kwa mshangao wa kweli. Mzigo ni wa kupita. Uko chini ya sili ya forodha, una dhamana, na mwenyewe amekwisha uuza kabla haujatoka Kolwezi. Kuutoa hapa ni kuanza upya kila kitu, na yeye hajawahi kuona aliyejaribu. Tani zote hizi zinapita mbele ya mafundi wanaojua kuvuta waya, na sheria haina hata fomu nyepesi ya kuwapa bamba moja.

Hii fomu ni kitu ambacho nchi tatu zinaweza kukiandika zenyewe, bila mkopo wa Beijing wala ruhusa ya Washington: sehemu ndogo ya mzigo unaopita, asilimia tano tuseme, iruhusiwe kununuliwa na viwanda vya njiani kwa bei ya London, na bidhaa yake ivuke mipaka yote mitatu bila ushuru. Wanunuzi wapo. TANESCO inahitaji nyaya, ZESCO, shirika la umeme la Zambia, inahitaji, na Kongo ndiyo inayohitaji kuliko wote.

Nyongeza, mwishoni mwa Oktoba

Kongo imeondoa zuio la kobalti tarehe 16 Oktoba na kuweka mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha 96,600 kila mwaka kwa 2026 na 2027, nyingi za migodi mikubwa kufuatana na mauzo yao ya nyuma. Nimemwandikia kaka kumuuliza kama ameanza kuona viroba vya kobalti barabarani. Amejibu yuko Kapiri, anapanda na salfa, na wote aliopishana nao hadi sasa wamebeba kopa.